Upande wa Salima Kwenye Sinia

Mama alipofariki mwaka jana, msiba ulikwenda kama misiba yote ya Vingunguti: turubai likafungwa, viti vya kukodi vikaja, wanawake wa mtaa wakaingia uani na visu vyao na mbuzi za kukunia nazi bila kungoja kuitwa. Kisha mmoja wao, mama wa makamo aliyejipa ukubwa wa jikoni, akanifuata chumbani nilikokaa na ndugu zangu, akaniinamia sikioni. "Mwalimu, pole sana. Masinia yako wapi? Tumetafuta mpaka uvunguni." Nikamwambia hakuna. Akadhani sikumsikia. "Ya kupakulia, mwalimu. Hata mawili tu." Nikamwambia tena: nyumba hii haina sinia, haijawa nalo tangu mie msichana, kaazimeni kwa jirani. Akatoka. Na kwa kuwa kuta za nyumba yetu hazijawahi kufika juu kwenye bati, nikamsikia akiwaambia wenzake, "Jamani, nyumba ya wenyeji wa pwani, mtu ana wajukuu mpaka vitukuu, haina sinia! Walikuwa wanalia chakula wapi hawa?" Wakacheka kile kicheko cha msibani cha kufunika mdomo kwa khanga. Nilitaka nitoke nikawape vidonge vyao. Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu wote wanalijua hilo. Lakini ningewaambia nini? Ingebidi nianzie mbali, na aliyekufa jana hapendi kupokonywa msiba wake na aliyekufa zamani. Nikabaki chumbani, wao wakaenda kuazima.

Basi naeleza hapa, kwenye karatasi, ambako hakuna wa kunikata kauli. Nilikuwa darasa la sita. Nyumba ni hii hii, vyumba vya kutazamana na korido katikati, baraza mbele, uani nyuma na choo kule pembeni. Tuliokaa ni Mama, kaka yangu Shabani, mie, na Tatu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuwa hajaanza hata shule. Kaka alikuwa kibarua bandarini: meli ikiwepo anarudi na kitu, isipokuwepo anarudi na vumbi. Mama alikuwa anakaanga vitumbua asubuhi na kuviuza hapo barazani. Vipato vyenyewe ndivyo hivyo, vya kubahatisha, leo kipo kesho hakipo. Na bado sikumbuki kuumwa utotoni zaidi ya homa za kawaida. Nywele zetu zilikuwa nyeusi, meno yetu meupe, na Tatu alikuwa na mashavu ambayo watu wa njiani walisimama kuyafinya.

Siri ya mashavu yale ilikuwa machinjioni. Wageni wakija kwetu huziba pua, husema mnaishije na harufu hii na ng'ombe wanaolia tangu alfajiri. Mama alikuwa anawajibu, "Harufu hiyo ndiyo imenilelea watoto." Nyama ya steki aliiacha iende zake mjini. Yeye alichukua yale ambayo mjini hawayataki: utumbo, bandama, mapafu, kichwa, makongoro. Utumbo aliusugua kwa limau na chumvi mpaka ukawa mweupe, akaupika na ndizi mbichi. Makongoro yalichemka tangu asubuhi juu ya moto wa maranda, supu ikiganda unaweza kuikata kwa kisu. Matembele alipanda kwenye viroba vilivyojaa udongo, vimepangwa kando ya ukuta wa bafu ili maji ya kuogea yasipotee. Maharage aliyaloweka tangu usiku yasile mkaa. Matunda hakununua mchana hata siku moja. Alingoja wauzaji wa sokoni waanze kufunga, fungu lililokataa kuuzika likashuka bei lenyewe, akarudi na mapapai yaliyoiva kupita kiasi, akakata upande ulioharibika, uliobaki ukawa asali. Mchicha aliutia sufuriani ukiwa umeshaiva mchuzi, akaugeuza, akauepua. "Mboga ikibadilika rangi umeshaiua," alikuwa anasema, halafu anakamulia limau juu. Miaka yote niliyofundisha sayansi kimu nilichora makundi ya vyakula ubaoni, lakini nilichokuwa nakiona mbele ya macho yangu ni mikono ya Mama inakamua limau.

Na juu ya yote hayo palikuwa na sinia. Mama alikuwa anasema sahani ni wizi. Ukipakua kwenye sahani, mmoja anabakisha, mwingine hatosheki, na cha kubakisha hakirudi sufuriani. Kwenye sinia kidogo kinaonekana kingi, hakuna punje inayotupwa, na mgeni akitokea anasogezewa nafasi tu, hakuna wa kwenda kupika tena. Wanawake na watoto tulikula uani kwenye mkeka. Kaka alikula barazani na wanaume wa nyumba za jirani, kila nyumba imetoa sinia lake, wanakula hili wakimaliza wanahamia lile. Na sinia lilikuwa na adabu zake. Unakula mbele yako, hutii mkono upande wa mwenzio. Kitoweo kinakaa katikati mpaka mkubwa agawe. Na kubwa kuliko zote: humtazami mtu anayekula. Mama alikuwa anaona hicho ndicho kipimo cha malezi. Kumtazama mtu mkononi, kuufuata mkono wake mpaka mdomoni, ni ulafi wa macho, ni kumhesabia tonge, ni kumwambia unanimalizia. Nikiinua tu uso, kofi la kisogo lilikuwa limeshafika. "Macho kwako!" Kwa hiyo tulikula tumeinama wote, tunazungumza, tunacheka, lakini kila mtu macho yake kwenye ubavu wake wa sinia.

Salima aliingia kwenye nyumba hiyo baada ya Idi. Kaka alimwoa kutoka kijiji kimoja upande wa Singida, kupitia rafiki yake wa bandarini aliyekuwa ndugu yao. Alikuwa mrefu, mwembamba, na akicheka anageuza uso pembeni kama anayetaka kupiga chafya. Alikuwa na lafudhi ya kwao ambayo Tatu aliiga mchana kutwa mpaka tukamkanya, na Salima mwenyewe ndiye aliyemtetea. "Mwache wifi, ananifundisha kujisikia ninavyosema." Kila alichoambiwa na Mama alijibu "ndiyo, mama," huku amepiga goti. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Alinisuka, alinifulia sare za shule nikiwa na homa, na alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza nikikua nataka kuwa nani, akangoja jibu.

Siku za fungate alikula chumbani kwake, kama desturi. Zilipokwisha, Mama akamwita uani mbele ya majirani, akagonga mkeka kwa kiganja. "Ugeni umekwisha, mwanangu. Leo unakula na mie." Nataka anayesoma alielewe vizuri jambo hili, maana bila hili hataelewa lolote. Mtaani kwetu walikuwepo wakwe waliowalisha wake za watoto wao ukoko jikoni baada ya wote kushiba. Jirani yetu Bi Hawa, mwanamke wa maneno mengi na moyo mfupi, mkwe wake alikuwa anakula kasimama, na sufuria mkononi. Mama alilichukia jambo hilo kwa roho yake yote. Kumkalisha Salima ubavuni kwake, sinia moja, ilikuwa ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo ya kumpa. Salima akakaa, akavuta khanga kichwani, akachovya tonge lake kwenye mchuzi wa pembeni. "Bismillahi," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Kabla ya miezi mingi kupita akawa mjamzito. Tulijua kwa udongo. Alikuwa ananunua vile vipande vya udongo vya wajawazito vinavyouzwa sokoni, anavifunga kwenye pindo la khanga, anatafuna akiosha vyombo, akifagia, akinisuka. Unasikia tu krr, krr juu ya kichwa chako. Mama alimtania, "Utanizalia tofali wewe." Tulicheka sana na tofali lile, kaka akawa anauliza tofali lake linaendeleaje. Leo nikimwona binti mjamzito anatafuna udongo sicheki, namshika mkono nampeleka kliniki mwenyewe. Mwili unaokosa damu hutafuta damu hata ardhini. Lakini wakati ule hakuna aliyetwambia, na mwanamke kula udongo lilikuwa jambo la kawaida kama kutema mate.

Kliniki walimwambia. Nesi alimvuta kope la chini, akamtazama viganja, akamgeukia Mama aliyekuwa amemsindikiza. Damu ndogo. Akampa vidonge, akasema ale maini, mboga za majani, dagaa, matunda. Mama alirudi siku ile na uso wa mtu aliyepewa kazi anayoiweza. "Maini!" alisema, anavua mtandio. "Mtoto wa watu akose maini, na mie nakaa Vingunguti?" Kuanzia hapo alikuwa anadamka mwenyewe kwenda machinjioni, maana maini hayakai, wenye migahawa huyachukua mapema, na bei yake si ya utumbo. Akaacha kununua sukari, chai tukanywa na chumvi na tangawizi. Akaacha kutafuna tambuu yake, ambayo nilidhani hataiacha mpaka afe. Vitumbua viwili vya asubuhi nilivyokuwa nakwenda navyo shule vikawa kimoja. Sikuona ubaya, nilikuwa najua kinakwenda wapi.

Nayaona maini yale mpaka leo. Aliyakaanga kidogo tu na kitunguu na limau, akayakatakata, na wakati wa kula aliyaweka kwa mkono wake mwenyewe upande wa Salima, juu ya ugali, mbele yake kabisa. "Hayo yako, mwanangu. Wewe na huyo aliye ndani." Salima anasema, "Ahsante, mama." Halafu Mama, akiwa mtu wa adabu zake, anageuza uso. Kama kuna siku aliyoshika adabu, ni siku hizo: hakutaka binti wa watu ajione anahesabiwa, hakutaka aone haya kula kitamu peke yake mbele ya wenzake. Alikuwa anaanzisha hata mazungumzo makusudi, habari za Bi Hawa, habari za bei ya mkaa, na mie na Tatu ole wetu tuinue macho. Sinia likimalizika, ni jeupe. Kaka alikuwa anapita uani akitoka barazani, anauliza, "Anakula lakini?" Mama anamwinulia sinia. "Si hili? Tafuta punje."

Lakini Salima hakunawiri. Tumbo lilikuja mbele, yeye akarudi nyuma. Viganja vyake vilipauka, midomo ikawa na rangi ya majivu, akawa anapumzika katikati ya korido kana kwamba ni safari. Siku moja aliinama kuchota maji kwenye pipa, akakaa chini palepale, kata mkononi, anatabasamu. "Dunia imezunguka kidogo, wifi." Kliniki walimwongeza vidonge. Vikamtapisha, lakini alivimeza, naapa alivimeza, nilikuwa nampelekea maji mwenyewe. Mama akaongeza maini, akaongeza bandama, akachemsha maua mekundu ya choya akamnywesha. Bi Hawa akaja na lake. Nilimsikia nikiwa chumbani nafanya hesabu zangu. "Mwenzangu, chakula chote hicho na mtu anakonda? Huyo ana kitu. Kuna jini linamnyonya huyo. Mpelekeni akaaguliwe." Mama akamjibu, "Hawa, kwangu jini halili. Wanakula watu." Lakini Bi Hawa alipoondoka, Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi muda mrefu, nazi mkononi, hakuni.

Na kuna siku nyingine, Ijumaa, baada ya swala, kaka alikuwa amepumzika chumbani na mkewe. Nimeshasema kuhusu kuta zetu. Nikamsikia kaka anamwambia, sauti ya kubembeleza, "Mama anasema unakula vizuri."

"Mama ananipenda mno," Salima akasema. "Kwetu mkwe hakai na mke wa mwanawe chombo kimoja. Bibi yangu angeona angezimia."

"Hapa si kwenu. Kula wewe."

"Nakula." Kisha akasema, na nilisikia kabisa kwamba anatabasamu, "Siku moja tutapanga chumba chetu, nitapika sufuria zima, nitafunga mlango, nitakula mpaka nilale hapo hapo." Kaka akacheka. Naye akacheka.

Mie nilinuna. Niliona ni maneno ya mke anayetaka kumtenga kaka na nyumba yetu, kama wanavyosemwa wake wote. Nikakaa nimemnunia mpaka jioni, aliponiita kunisuka nikasahau. Maneno yale nimeyarudia miaka yote hii, kila mara nayasikia upya. Mwanamke mwenye mimba, kwenye nyumba inayopikwa maini kila wiki, alikuwa na ndoto ya kushiba.

Uchungu ulimshika kipindi cha mvua za vuli, asubuhi, mie nikiwa shuleni. Walimpeleka hospitali kwa gari la kuomba. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mdogo lakini mzima. Leo hii ni mama wa watu huko Mbagala, na ananipigia simu kila Jumapili. Damu ilipoanza kumtoka Salima haikuwa nyingi kuliko inavyowatoka wanawake wengine, ndivyo daktari alivyomwambia kaka. Tatizo ni kwamba hakuwa nayo ya kupoteza. Kaka alitoa yake. Rafiki zake wa bandarini walikuja na viatu vya kazi wakatoa za kwao. Niliporudi shule nilikuta mkeka umetandikwa barazani na wanaume wamekaa bila kuzungumza, nikaelewa kabla sijavua mkoba. Nililia kwa sauti ambayo sijailia tena, hata kwenye msiba wa Mama mwenyewe sikuilia.

Tulimzika kesho yake. Siku ya hitma watu wakasoma, majirani wakapika, masinia yakatoka uani kama kawaida. Mama alikaa mahali pake pale pale. Mie huku, Bi Hawa na wanawake wengine wawili upande wa pili, Tatu kwenye nafasi yake, ubavuni mwa pale alipokuwa anakaa Salima, ambapo hakuna aliyekaa. Tukaanza kula. Tatu hakula. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anangoja.

"Kula, mjukuu wangu," Mama akamwambia.

"Namsubiri anti."

Mwanamke mmoja akavuta pumzi. Mama akasema taratibu, "Anti Salima hayupo tena, si tumekwambia? Kula."

Tatu akafikiri. Halafu akauliza, bila kulia, kama mtoto anayetaka kujua tu utaratibu mpya utakuwaje: "Sasa maini yake atanipa nani?"

Mama akasimamisha mkono. "Maini yake gani?"

"Yale unayomwekeaga. Ananisukumiaga mie. Ananiambia kula upesi, bibi asione." Akaonyesha kwa kidole kwenye sinia, njia yenyewe, kutoka pale pasipo na mtu mpaka mbele yake. "Yeye anachovyaga mchuzi tu. Kwao anasema mtu hali nyama mbele ya mkwe wake. Eti ni aibu."

Hata Bi Hawa, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno tangu nimjue, alikuwa anatazama chini. Niliona mashavu ya Tatu, yale ya kufinywa na wapita njia. Mama alilitazama sinia. Akamtazama Tatu. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamwona anatuzungushia macho wote, mikono yetu, midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeamka ghafla ugenini. Akanyanyuka, akanawa, akaingia chumbani kwake. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

Nimeshafundisha mabinti wangapi, sijui. Nimewafundisha kununua, kuosha, kupika bila kuua mboga, kulisha watu wengi kwa kidogo. Yote ya kweli na yote yanafaa. Lakini hakuna kitabu nilichopewa kilichosema mwisho wa safari ya chakula si sinia wala sahani, ni koo la mtu. Salima aliuawa na adabu. Adabu mbili nzuri, moja ya pwani na moja ya bara, kila moja imekaa upande wake wa sinia imeinama, haitaki kuikosea nyingine heshima. Angewezaje kumwambia Mama, sinia lako ndilo linaloninyima? Mama alikuwa ameacha sukari na tambuu kwa ajili yake. Ningekuwa mie nisingeweza. Na huwa nakasirika, mpaka leo nakasirika, kwa sababu sina wa kumkasirikia.

Masinia Mama aliyatoa wiki ile ile. Yote, hata lile kubwa la shaba alilopewa na mama yake siku ya harusi. Aliyapeleka madrasa, akarudi na sahani za bati, za rangi, kila mmoja na yake.

Mama yake Salima alifika baada ya hitma, na basi la kutoka Singida. Alikuwa mwanamke mrefu kama mwanawe, mkimya kama mwanawe. Alikuja na mfuko wa unga wa uwele aliokuwa ameutwanga kwa ajili ya uji wa mzazi, kabla habari hazijamfikia, akawa hajui ampe nani, akautua hapo koridoni. Alimbeba mjukuu wake muda mrefu. Hakumlaumu mtu. Jioni Mama alipika mwenyewe, hakutaka niguse hata kisu: ugali, matembele ya nazi, dagaa waliokaangwa na ukwaju. Akapakua kwenye sahani, akampelekea mgeni pale mkekani, akamnawisha. Mie nilikuwa mlangoni na mtoto mapajani.

Mgeni hakuugusa ugali. Alikuwa anautazama. Kisha akauliza, "Mkwe wangu, usinielewe vibaya. Mwanangu alikuwa anakula?"

Nilimtazama Mama. Angeweza kusema maneno mengi, na yote yangekuwa kweli. Mtaa mzima ungemtolea ushahidi, machinjioni wangemtolea ushahidi, Bi Hawa pia.

"Nilimpikia," Mama akasema. "Kila alichosema nesi, nilimpikia. Sikumtazama akila."

Akamweleza yote, habari ya sinia, habari ya Tatu, hakujipunguzia hata kidogo. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kavu. "Mie ndiye niliyemfunza. Siku anapanda basi nilimshika mkono pale stendi, nikamwambia, unakwenda kwa watu, usinitie aibu. Mkono wako usitangulie wa mkweo. Kitamu waachie wenyewe. Akaniambia, ndiyo, mama."

Mtoto akajinyoosha mapajani mwangu, akalala tena. Nilingoja mmoja wao amwambie mwenzake hukukosea, kama watu wanavyosema. Hakuna aliyesema. Mama akaisogeza sahani mpaka ikagusa goti la mgeni.

"Kula."

"Siwezi, mkwe."

"Umetoka mbali. Kula, nakutazama."

Akasogea, akakaa mbele yake, uso kwa uso, akaegemeza kidevu kwenye kiganja, akamkazia macho mkononi na mdomoni, jambo alilotukanya sie kwa makofi miaka yote. Yule mama akamega tonge dogo, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni. "Na mboga," Mama akasema. Akachukua mboga. "Na dagaa." Akachukua dagaa. Akala huku machozi yanamchuruzika, anayameza pamoja na chakula, na Mama naye analia, lakini macho hakuyaondoa mpaka sahani ilipokwisha.